Dawa mseto ya malaria: Kwa nini usiimeze tumbo likiwa tupu

Unaweza kumaliza vidonge vyote 24 vya dawa mseto, kwa saa zilezile ulizoelekezwa, na bado damu yako ikawa na dawa kidogo kuliko damu ya jirani yako aliyepewa dozi kama hiyo hiyo.

Tofauti inaweza kuwa kwenye sahani. Jirani alikula ugali na dagaa wa kukaanga, ndipo akameza vidonge. Wewe ulimeza kwa maji matupu, au kwa chai ya rangi, kwa sababu homa ilikuwa imekutoa hamu ya kula.

Kwa wakazi wa Kibirizi na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa Kigoma ndio mkoa uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko yote Tanzania: takriban watoto 24 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Kitaifa, ilikuwa ni watoto 7 hivi kati ya 100.

Habari njema ni kwamba mafuta yanayohitajika ili dawa iingie vizuri ni kidogo sana. Na kwa mkoa unaojulikana nchi nzima kwa mawese, hayako mbali.

Kidonge kimoja, dawa mbili

Dawa mseto ambayo wengi wanaijua kwa jina la ALu ndiyo dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali Tanzania tangu sera ya matibabu ilipobadilishwa mwaka 2006. Kabla yake nchi ilitumia klorokwini hadi 2001, kisha SP.

Kila kidonge cha kawaida kina dawa mbili: artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Mtu mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu.

Dawa hizi zimegawana kazi. Artemetha ni ya haraka. Inaingia, inapunguza vimelea kwa kasi, na ndiyo sababu watu wengi hujisikia nafuu siku ya pili. Lakini haikai. Ndani ya saa chache sehemu kubwa yake imeshatoka mwilini.

Lumefantrini ni ya taratibu, ila inakaa. Inaendelea kuwepo kwenye damu kwa siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ikimalizia vimelea vilivyobaki. Bila hiyo, homa inaweza kuondoka leo na kurudi baada ya wiki mbili au tatu.

Sasa, hii lumefantrini ndiyo yenye shida na tumbo tupu.

Mafuta yanahusikaje?

Chukua sahani iliyokuwa na mchuzi wa mawese. Ukiimwagia maji baridi peke yake, maji yanateleza juu na mawese yanabaki palepale. Ukiweka sabuni, mafuta yanavunjika kuwa vitone vidogo vidogo na yanaondoka na maji.

Lumefantrini ina tabia kama ya hayo mawese. Haipendi maji, inapenda mafuta. Ikifika tumboni peke yake, haiyeyuki vizuri, na dawa isiyoyeyuka haiwezi kupenya ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu.

Sabuni ya mwili ni nyongo. Ukila chakula chenye mafuta, kifuko cha nyongo kinajibana na kuimwaga kwenye utumbo mwembamba. Nyongo inayavunja mafuta kuwa vitone vidogo sana, na lumefantrini inadandia humo humo. Mafuta yakipita kuingia mwilini, dawa nayo inapita.

Usipokula, nyongo inayotoka ni kidogo. Sehemu kubwa ya lumefantrini inasafiri hadi mwisho wa utumbo bila kuingia kwenye damu, kisha inatoka chooni. Umemeza dozi kamili, lakini mwili umepata kipande tu.

Tofauti ni kubwa kiasi gani? Watafiti walipowapa dawa hii watu wazima wasio wagonjwa, kiasi cha lumefantrini kilichoingia mwilini kiliongezeka hadi mara 16 pale ilipomezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, ukilinganisha na tumbo tupu. Artemetha iliongezeka takriban mara mbili.

Ikishafika kwenye damu

Kazi ya mafuta haiishii tumboni. Damu nayo ni ya majimaji, na lumefantrini bado haipendi maji. Kwa hiyo inahitaji usafiri.

Abiria wa vijiji vingi vya kaskazini mwa ziwa wanategemea boti za Kibirizi kufika nyumbani. Ndani ya damu, boti za lumefantrini ni chembechembe za protini na mafuta. Zaidi ya asilimia 99 ya lumefantrini iliyo kwenye damu inakuwa imeshikwa na vibebaji hivyo, na sehemu kubwa inabebwa na aina iitwayo HDL, ile ambayo watu waliowahi kupima mafuta ya damu wanaijua kama kolesteroli nzuri.

Malaria yenyewe inavuruga boti hizo. Mtu akiwa anaumwa, kolesteroli kwenye damu kwa kawaida hushuka, ikiwemo HDL, huku aina nyingine ya mafuta, iitwayo trigliseridi, ikipanda. Akipona, viwango hurudi taratibu.

Kwa watafiti hili lina maana yake. Kipimo cha maabara cha kiwango cha dawa huhesabu abiria wote kwa pamoja, waliomo kwenye boti na wachache walio nje. Lakini dawa iliyo huru ndiyo inayoweza kutoka na kwenda kuikabili vimelea ndani ya seli nyekundu. Ndiyo maana namba ya kipimo haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na hali ya mgonjwa.

Kwa mgonjwa wa kawaida, jambo la kuelewa ni moja: mafuta yaliyomo kwenye damu yako huwezi kuyabadilisha ndani ya siku tatu, wala huna haja ya kujaribu. Kuwa na kolesteroli ya juu si kinga ya malaria na si msaada wa dawa. Unachoweza kubadilisha ni kile unachokula pamoja na kidonge.

Walichokiona Mbarara

Je, haya ni mambo ya maabara tu? Hapana. Moja ya majaribio yaliyoonyesha jambo hili vizuri yalifanyika jirani, Mbarara nchini Uganda, na matokeo ya tiba yakachapishwa mwaka 2005.

Wagonjwa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza kila dozi mbele ya mhudumu, pamoja na chakula chenye mafuta. Kundi la pili lilipewa dawa na maelekezo, likaenda kumeza nyumbani kama mgonjwa yeyote anavyofanya.

Kwa upande wa kupona, makundi yote yalifanya vizuri: zaidi ya wagonjwa 97 kati ya 100 walipona. Hilo linaonyesha dawa ina nguvu hata katika maisha ya kawaida.

Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walipima kiwango cha lumefantrini kwenye damu ya wagonjwa 241 waliosimamiwa na 238 waliojimezea nyumbani, siku ya tatu na siku ya saba. Waliojimezea nyumbani walikuwa na dawa kidogo zaidi kwenye damu.

Na kikajitokeza kingine. Ndani ya siku 28 za ufuatiliaji, maambukizi mapya yalitokea tu kwa wale ambao siku ya saba walikuwa na lumefantrini chini ya nanogramu 400 kwa kila mililita ya damu. Waliokuwa juu ya hapo hawakuambukizwa upya.

Yaani dawa iliyobaki kwenye damu baada ya kupona ilikuwa bado inafanya kazi ya ulinzi kwa muda. Kwenye eneo ambalo mbu anakung'ata leo na kesho, siku hizo chache za ulinzi si za kudharau.

Baadaye, mwaka 2015, watafiti walikusanya takwimu za tafiti 26 na kukuta kuwa mgonjwa mwenye angalau nanogramu 200 kwa mililita siku ya saba ana nafasi kubwa sana ya kupona kabisa.

Nani anahitaji uangalizi zaidi?

Kwenye uchambuzi huo wa tafiti 26, watoto wadogo chini ya miaka mitatu, hasa wenye uzito pungufu kwa umri wao, ndio waliokuwa na viwango vya chini vya dawa hata walipopewa dozi iliyopendekezwa. Tafiti nyingine za Mali na Niger ziliwakuta watoto wenye utapiamlo mkali wakinyonya lumefantrini kidogo kuliko wenzao.

Wajawazito nao wamo. Utafiti uliofanywa Rufiji, mkoani Pwani, na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha wajawazito na wanawake wasio na mimba waliopewa dozi ileile ya ALu. Kwa wajawazito, lumefantrini iliyofanikiwa kuingia kwenye damu ilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja. Hii haina maana kwamba wajawazito waiogope dawa. Ina maana kwamba wao ndio wa mwisho kumeza kwa maji matupu, na wasikose kurudi kliniki homa ikijirudia.

Wanaotumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini pia wanapaswa kumwambia mhudumu kabla ya kupewa ALu. Rifampisini hulifanya ini liiondoe dawa ya malaria haraka kuliko kawaida.

Mafuta kiasi gani yanatosha?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia "chakula chenye mafuta" wanafikiria chipsi, nyama choma, au mlo ambao mfuko hauruhusu.

Kwenye utafiti mmoja uliochapishwa 2007, watafiti waliwapa watu wazima wenye afya dozi ya dawa hii pamoja na vipimo tofauti vya maziwa ya soya. Walikuta kuwa mililita 36 tu, zenye mafuta gramu 1.2, zilitosha kufikisha asilimia 90 ya kiwango cha juu cha dawa ambacho mwili ungeweza kunyonya.

Gramu 1.2 ni chini ya nusu ya kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kizima cha chai kina gramu 4 hadi 5.

Kwa lugha ya jikoni, hivi vinatosha:

• Ugali au wali na dagaa wa kukaanga
• Maharage au mboga iliyoungwa kwa mawese
• Nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe au mtindi
• Uji wenye karanga
• Kiganja cha karanga
• Yai, chapati au andazi
• Kipande cha parachichi

Na hivi havitoshi vikiwa peke yake: chai ya rangi, soda, juisi, uji mweupe, muhogo wa kuchemsha bila kitu, au ugali wa chukuchuku. Vinashibisha, lakini havina mafuta ya maana.

Huna haja ya kunywa kikombe cha mawese pia. Ukishafika kiwango kile kidogo, mafuta ya ziada hayaongezi kitu kikubwa, na kwa mtu mwenye kichefuchefu yanaweza kumfanya atapike dawa yote.

Kwa mtoto anayenyonya, maziwa ya mama yanafanya kazi hiyo. Vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji vilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi tano za Afrika, ikiwemo Tanzania Bara na Zanzibar, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa milo ya kawaida ya watoto wa Kiafrika, au maziwa, ilitosha kuingiza dawa vizuri. Mama ampe mtoto dawa, kisha amnyonyeshe.

Kuna wanaoamini kwamba maziwa "yanaua" dawa. Kwa baadhi ya dawa hofu hiyo ina msingi: maziwa hupunguza nguvu ya tetrasaiklini, kwa mfano. Kwa ALu ni kinyume chake. Maziwa yanaisaidia.

Dozi ya saa 4 usiku

Ratiba ya ALu ni dozi ya kwanza mara tu baada ya kupimwa, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata.

Chukua mfano wa mvuvi wa dagaa aliyepimwa na kumeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi. Ya pili inaangukia saa 12 jioni. Siku ya pili na ya tatu ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.

Siku ya pili homa imeshuka. Kiza kimeingia, taa zimewashwa, wenzake wanatoka, na yeye anaona ameshapona. Saa 4 usiku yuko katikati ya ziwa. Akikumbuka vidonge, atameza kwa maji. Asipokumbuka, dozi imeruka.

Hizo dozi za usiku ndizo zinazojenga akiba ya lumefantrini ya wiki nzima. Cha kufanya ni kupumzika hadi dozi iishe. Kama mtu hana budi kutoka, basi vidonge viende mfukoni pamoja na andazi, chapati au karanga.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko kumeza bila chakula: kutomeza kabisa kwa sababu hujala. Kama hakuna chakula, au mgonjwa hawezi kula chochote, meza dawa kwa wakati wake. Hamu ya kula ikirudi, kula vizuri na dozi zinazofuata. Dawa kidogo kwenye damu ni bora kuliko hakuna.

Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudia dozi hiyo. Ukitapika kila unachomeza, rudi kituoni mapema.

Si kila dawa ya malaria inataka mafuta

Usichukue ushauri huu ukaupeleka kwenye kila pakiti. Dawa mseto nyingine inayotumika Tanzania kama mbadala, yenye dihydroartemisinini na piperakuini, haitakiwi kumezwa na mlo wenye mafuta mengi. Mafuta hupandisha piperakuini kwenye damu kupita inavyohitajika, na hilo linaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Somo hilo lilipatikana kwa machungu na dawa ya zamani, halofantrini. Nayo ilipenda mafuta, na ilipopanda sana kwenye damu iligusa moyo. Miaka ya 1990 ilihusishwa na vifo vya ghafla, na wagonjwa wakaelekezwa kuimeza tumbo likiwa tupu. Leo haipendekezwi.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka dukani au zahanati, uliza jina la dawa na uliza: hii nimeze na chakula au bila chakula?

Malaria kali ni habari nyingine. Mgonjwa anayepoteza fahamu, anayepata degedege, asiyeweza kunywa wala kukaa, hatibiwi kwa vidonge nyumbani. Anahitaji sindano ya atesuneti hospitalini, ambayo haitegemei tumbo kuifikisha kwenye damu.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa

Mwaka 2024, watafiti wakiongozwa na Deus Ishengoma wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walichapisha ushahidi kwamba Karagwe, mkoani Kagera, kuna vimelea vilivyoanza kustahimili dawa za jamii ya artemisinini. Vimelea hivyo havifi haraka kama zamani. Kagera inapakana na Kigoma.

Kwenye utafiti huo ALu bado iliponya wagonjwa kwa kiwango kikubwa. Lakini fikiria mgawanyo wa kazi: artemetha ikianza kuchelewa, mzigo unahamia kwa lumefantrini. Na lumefantrini inayofika kwenye damu ikiwa pungufu, vimelea vinapata nafasi ya kukutana na dawa isiyotosha kuviua. Hivyo ndivyo usugu unavyozaliwa, na hivyo ndivyo nchi ilivyopoteza klorokwini, kisha SP.

Hakuna anayeweza kuzuia usugu kwa sahani ya dagaa peke yake. Chandarua, kupima kabla ya kumeza, na kumaliza dozi bado ndiyo msingi. Ila kati ya mambo yote yanayoamua ni dawa kiasi gani inafika kwenye damu ya mgonjwa, hili la chakula ni rahisi na halihitaji daktari: vidonge vyako kwa saa yake, na kitu chenye mafuta kidogo, mara zote sita.